Karakana na Kiwanda: maswali yenu ya mwezi huu kuhusu namna ya kuzalisha

Haya wasomaji wa kona hii, wa Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe na nyie mlioko mbali mnaotusoma mkiwa kazini, mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinazunguka jambo moja, watu wanauliza wazalishe kwa oda moja moja au kwa wingi, na wanunue mashine gani. Nimechagua tano. Kama ya kwako haijatoka soma majibu ya wenzako, mengi yanafanana na utajikuta humo humo.

SWALI: Kamwene mzee wangu, shikamoo. Mi ni fundi seremala hapa Mafinga, natengeneza vitanda, makabati na meza, niko na vijana wanne. Kazi ipo ila wateja wananilalamikia, mtu ananipa advansi leo kitanda anakuja kukipata baada ya mwezi na nusu. Saivi karakana imejaa vitanda kama 24 ambavyo havijaisha, vingine vinasubiri vanishi tu. Kwa wiki natoa vinne. Rafiki yangu kanishauri ninunue mashine mbili za mtumba, ya kuranda na ya kukata tenoni (zile ndimi za kuunganishia mbao), jumla milioni 9, nianze kuzalisha kwa wingi kama viwanda vya Dar. Mkopo wa kikundi nimeshapata. Ninunue? (Fundi, Mafinga)

JIBU: Marahaba mwanangu, kamwene. Usinunue bado. Hiyo hela iache kwanza kwenye kikundi hata kwa mwezi mmoja tusome pamoja barua yako, maana majibu yote umeyaandika mwenyewe.

Una vitanda 24 viko njiani na kwa wiki unatoa vinne. Gawanya. Wiki sita, yani mwezi na nusu, muda ule ule wanaoulalamikia wateja wako. Hiyo ni kanuni kabisa, inaitwa kanuni ya Little, kuna Mmarekani anaitwa John Little aliithibitisha kwa hesabu mwaka 1961, inasema kazi iliyopo ndani ni sawa na kasi unayotolea kazi mara muda ambao kila kazi inakaa ndani. Ukiielewa hiyo utaona kila kitanda unachokianza leo wakati vya juzi havijaisha unamsogezea mtu mwingine siku yake mbele. Kwaiyo ukiamua kuanzia sasa ndani ya karakana vitanda visizidi nane kwa wakati mmoja, na kasi ikabaki ile ile ya vinne, kitanda kikishaanzwa kinatoka ndani ya wiki mbili, na hujanunua hata msumari mpya. Oda zingine ziandike kwenye daftari, mteja mwambie ukweli, kazi yako naianza tarehe fulani. Ila kama oda zinazoingia ni sita au saba kwa wiki na we unatoa nne tu, hapo ndo kweli uwezo haukutoshi na foleni ya kwenye daftari itarefuka, ndo tunaanza kuongea habari ya kuongeza uwezo.

Na uwezo unaongezwa pale penye kukwama. Umeandika vitanda vingine "vinasubiri vanishi tu", mwanangu kwenye barua nzima hayo ndo maneno mazito kuliko yote. Ukinunua mashine ya kuranda utapata mbao nyingi zilizorandwa vizuri, zitaunganishwa haraka, alafu zitaenda kusimama kwenye foleni ile ile ya vanishi, ndefu zaidi ya leo. Mi Mafinga naijua, mwezi wa sita na wa saba ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi, vanishi uliyopaka jana jioni leo unagusa inanata kwenye kidole na imeshakusanya unga wa mbao wa vijana wanaokata pembeni, inabidi upige msasa upake upya. Hapo kazi moja umeifanya mara mbili. Tenga kachumba, hata kwa turubai na nailoni, kasipitishe unga, weka jiko la mkaa nje yake au taa za joto juu upate ukavu, ila mkaa wenyewe usiuweke ndani na vanishi, ni hatari ya moto. Kijana mmoja kati ya wanne awe wa vanishi tu. Hicho chumba kinaweza kukugharimu laki tatu nne hivi, na kitafanya kazi ambayo milioni 9 isingeifanya.

Sasa tuje kwenye hesabu ya mashine yenyewe ili ukirudi kwa rafiki yako uwe na la kumwambia. Tuseme zinakuokolea shilingi 15,000 za kazi kwa kila kitanda, kuirudisha milioni 9 unahitaji vitanda 600, na kwa vinne kwa wiki ni wiki 150, karibu miaka mitatu, na hapo riba ya kikundi hatujagusa wala siku ambayo bearing imekufa na spea inatoka Dar. Mtu anayetoa vitanda 40 kwa wiki hesabu hiyo hiyo inamlipa kwa wiki 15. Mashine ni ile ile, kilichobadilika ni idadi.

Hili nalisema kwa uchungu maana nimeshaliona likivunja watu. Zamani nilikuwa msimamizi wa shifti kwenye kiwanda kimoja kidogo cha vinywaji, mwenye kiwanda akanunua laini ya kujaza chupa 2,000 kwa saa wakati soko letu lote lilikuwa chupa 3,000 kwa siku. Tulikuwa tunaiwasha saa mbili asubuhi, saa tatu na nusu imemaliza kazi ya siku nzima, inazimwa. Siku nzima iliyobaki tunafuta vumbi. Benki hailali saa tatu na nusu, ndani ya mwaka na nusu kiwanda kikafungwa na tulikuwa watu 19 na familia zetu.

Unachokifanya wewe kitaalamu ni uzalishaji wa oda moja moja, mafundi wenye mikono mizuri, vifaa vinavyofanya kila kitu, na kila kazi ina njia yake. Hakuna aibu, wateja wako wanakuja kwako kwa sababu unawatengenezea wanachotaka. Ila chukua daftari lako la oda za mwaka uliopita uangalie vitanda tu, nina hakika utakuta vingi ni tano kwa sita na sita kwa sita, tofauti iko kwenye kichwa cha kitanda, huyu anataka maua, huyu mistari, huyu kitambaa. Mbavu, miguu na chaga ni zile zile. Basi hizo zisizobadilika zitengeneze kwa bechi, Jumatatu mnakata chaga za vitanda kumi kwa mpigo kwa kutumia kipande cha mfano ambacho vipimo na matundu vimeshawekwa, hamna kupima kwa futi kamba kila ubao, mnazipanga pembeni zinaendelea kukauka, na hili la kukauka ni la muhimu kwa mbao zetu za paini za Sao Hill ambazo mara nyingi zinauzwa bado zina maji na baadaye zinapinda ndani ya chumba cha mteja. Oda ikija unatengeneza kichwa tu, unaunganisha, unapeleka kwenye vanishi. Mteja anapata chake cha peke yake na wewe umefanya nusu ya kazi kabla hajaja. Bechi ya chaga isiwe kubwa sana lakini, vitanda kumi inatosha, vikizidi hapo unarudi kule kule kwenye karakana iliyojaa.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Niko mwaka wa pili chuo hapa Iringa, kwenye mtihani tuliulizwa aina za michakato ya uzalishaji viwandani. Nimetaja zote tano nikapewa nusu ya maksi, pembeni imeandikwa "kwa nini?". Sijaelewa kwa nini nini. (Mwanafunzi, Iringa mjini)

JIBU: Aliyesahihisha yuko sawa, na nakupongeza kwa kuuliza badala ya kununa. Majina matano mtu yeyote anakariri usiku mmoja. Alichokuwa anataka ni kwa nini kiwanda hiki kiko hivi na kile kiko vile, na jibu linaanzia kwenye maswali mawili tu, unatengeneza vingapi na vinatofautiana kiasi gani. Idadi ikipanda, aina lazima zipungue, na idadi ikiwa ndogo una nafasi ya kubeba aina nyingi. Twende nayo tukianzia kule kwenye kitu kimoja.

Mradi ni pale kitu kinapokaa sehemu moja na watu na vifaa ndo wanakifuata. Reli ya TAZARA inayopita hapo Makambako na Mbeya ni mfano ambao unaweza kwenda kuushika kwa mkono, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, imejengwa kuanzia 1970 mpaka 1975, na kipande cha Mlimba kupanda Makambako chenye mahandaki na madaraja hakuna mita mbili zilizofanana. Huwezi kuijenga reli ndani ya kiwanda ukaja kuitandika. Oda moja moja nimeshamjibu fundi hapo juu. Bechi ntamjibu mama wa karanga hapo chini, subiri.

Laini ya wingi ndo watu wanayoipenda zaidi na ndo wanayoielewa vibaya zaidi. Henry Ford alipoweka laini inayotembea kwenye kiwanda chake cha Highland Park kule Marekani mwaka 1913, kuunganisha chasisi ya gari la Model T ilikuwa inachukua masaa zaidi ya 12 ya kazi ya mtu, mwaka uliofuata ikashuka mpaka saa moja na nusu hivi. Gari lililoanza kuuzwa dola 850 mwaka 1908, katikati ya miaka ya 1920 linauzwa chini ya dola 300. Hiyo ndo nguvu ya laini, kazi imekatwa vipande vidogo, kila mtu anafanya kipande chake, kitu kinamfuata yeye. Sasa andika na upande wa pili kwenye mtihani wako, ndo penye maksi zilizobaki. Laini ile ilikuwa inatengeneza gari la aina moja tu. Wateja walipoanza kutaka gari la aina nyingine ikabidi Ford aisimamishe Model T mwezi wa tano 1927, viwanda vikakaa karibu nusu mwaka vinabadilishwa, Model A ikatoka mwezi wa kumi na mbili. Laini inakupa bei ya chini na inakunyima kugeuka.

Mwisho kabisa mfululizo, ambapo bidhaa huwezi hata kuihesabu moja mbili, inatiririka tu. Saruji ni mfano, na kiwanda unacho pale Songwe. Ndani ya tanuri mawe ya chokaa na udongo vinachomwa mpaka joto la kama nyuzi 1,450, na tanuri lenyewe ni bomba la chuma linalozunguka, ndani limejengewa matofali yanayostahimili moto. Ukilizima matofali yanapoa, yanapasuka, na kulipasha tena ni siku na ni mafuta mengi. Kwaiyo kuzalisha usiku na mchana bila kusimama ni lazima, meneja hana hiari hapo. Ila ukifika mwisho pale saruji inapoingia kwenye mifuko ya kilo 50 unakuta inahesabika tena mmoja mmoja, angalia hilo kwa makini, kiwanda kimoja kinaweza kuwa na michakato miwili.

Alafu kuna mchoro ambao ukiuweka kwenye jibu anayesahihisha atakuheshimu, wa wataalamu wawili wa uzalishaji, Hayes na Wheelwright, waliutoa 1979. Upande mmoja bidhaa, kutoka chache zinazotofautiana mpaka nyingi zinazofanana, upande mwingine mchakato, kutoka wa oda mpaka wa mfululizo, na viwanda vinavyoenda vizuri mara nyingi vinakaa kwenye mshazari, yani ule mstari unaokatiza kutoka kona moja mpaka kona ya pili. Aliyetoka nje ya mshazari ana gharama anayoilipa. Yule mwajiri wangu wa chupa 2,000 kwa saa alikuwa nje upande mmoja, ana mtambo wa wingi na soko dogo. Mtu mwenye oda elfu kumi zinazofanana anazitengeneza kwa mkono moja moja yuko nje upande wa pili, anawalipa mafundi ghali kwa kazi ambayo kifaa rahisi kingeifanya.

SWALI: Mwalimu, mi natengeneza siagi ya karanga hapa Uyole, ninazo aina tatu, ya karanga tupu, ya asali na ya pilipili. Mashine ya kusaga ni moja. Nina wadada wawili wananisaidia. Tunafanya kazi kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni lakini chupa zinazotoka ni chache, wateja wa Mwanjelwa na Kabwe wananipigia simu mpaka naogopa kupokea. Mashine nayo tunaiosha sana, kila tukibadilisha aina kuosha na kukausha ni kama dakika 50, na kwa siku tunabadilisha hata mara sita. Nifikirie mashine ya pili? (Mama Karanga, Uyole)

JIBU: Pole sana mama, na hongera, maana dakika 50 ni kipimo, wengi wanaoniandikia wananiambia tu "inachelewa". Zidisha mara sita. Dakika 300. Kwenye siku yako ya masaa tisa, matano mnaosha na manne mnasaga, na sijatoa muda wa kula. Mashine ya pili unayo tayari mama, imejificha kwenye hizo saa tano.

Kwa nini mnabadilisha mara sita? Nadhani mnafuata simu, akipiga wa asali mnasaga asali, akipiga wa pilipili mnaosha mnasaga pilipili, akirudi wa asali mnaosha tena. Unaendesha kama fundi wa oda moja moja wakati bidhaa yako ni ya bechi. Bechi maana yake unatengeneza kiasi fulani cha aina moja mpaka kiishe, ndo unahamia nyingine, kwenye vifaa vile vile. Hatua ya kwanza, kuanzia kesho, simu zote za leo ziandike, kesho mnasaga kwa mpangilio, ya karanga tupu kwanza, inafuata ya asali, ya pilipili mwisho, jioni mnaosha vizuri kwa ajili ya asubuhi. Ukianza na isiyo na ladha kali, kabaki kadogo ka karanga tupu kakiingia kwenye ya asali hakuna anayedhurika, ila pilipili ikiingia kwenye chupa ya mtoto wa mtu utasikia. Katikati ya siku mnabadilisha mara mbili tu badala ya sita, mmeokoa zaidi ya masaa matatu.

Hatua ya pili ndo naipenda zaidi. Hivi asali na pilipili lazima zipite kwenye mashine? Saga karanga tupu siku nzima bila kusimama, alafu ikitoka ikiwa bado ina joto la mashine, sehemu ya asali ichanganyie kwenye ndoo yake ya chuma, ya pilipili kwenye yake, na mwiko wake. Pilipili iwe imeshasagwa kavu na laini kabisa. Mashine inakuwa haibadilishi kitu, kuosha ni mara moja jioni. Ni akili ile ile ya fundi wa Mafinga na chaga zake, kinachofanana fanya kwa pamoja, tofauti iweke mwishoni kabisa karibu na mteja. Jaribu chupa tano kwanza uone kama ulaini unabaki ule ule, kwenye chakula mdomo ndo unaamua.

Na hata hiyo dakika 50 usiikubali hivi hivi. Kuna Mjapani anaitwa Shigeo Shingo, mwishoni mwa miaka ya 1960 pale Toyota walikuwa na presi ya tani 1,000, mashine ya kukandamizia chuma kipate umbo, ambayo kubadilisha kalibu yake kulikuwa kunachukua masaa manne, wakaishusha mpaka dakika 90, wakaendelea mpaka ikafika dakika tatu. Alichofanya kikubwa ni kutenganisha kazi zinazolazimu mashine isimame na zile zinazoweza kufanyika ikiwa inazunguka. Kaa na stuli siku moja pembeni ya wadada wako uandike tu, usiwafokee. Nakuhakikishia utaona mashine imezimwa ndo mtu anaenda kuchota maji, mwingine anatafuta spana ya kufungulia sahani za kusagia, mwingine anapeperusha vyombo vikauke. Maji ya moto yawe tayari, spana ining'inie kwa kamba kwenye mashine yenyewe, na ukiweza nunua seti ya pili ya sahani za kusagia na faneli ya pili, unatoa chafu unaweka safi kavu unawasha, ile chafu inaoshwa kazi ikiendelea. Seti ya pili ni bei ndogo sana ukilinganisha na mashine nzima. Na ukavu usiuache hata ukiwa na haraka, maji yakiingia kwenye siagi ya karanga inaharibika na hutajua mpaka mteja afungue.

Usije sasa ukafurahia bechi ukasaga ya miezi mitatu. Mafuta yanapanda juu, ladha inachacha, na hela yako imekaa kwenye rafu. Saga ya wiki moja, ya wiki mbili ikizidi sana.

Namba ya bechi kwenye lebo mama, tafadhali. Najua inaonekana kama mambo ya wakubwa lakini hii ndo kinga yako. Karanga zetu zikihifadhiwa vibaya zinashika sumukuvu, yani sumu inayotokana na ukungu, haionekani kwa macho na kukaanga hakuimalizi, na mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara watu walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kwaiyo gunia likiingia zichambuliwe, zilizosinyaa, zilizooza na zilizobadilika rangi zitoke, alafu andika gunia lilitoka kwa nani na likaingia kwenye bechi namba ngapi, na kila bechi weka chupa moja kabatini. Siku mteja akirudi na malalamiko utarudisha chupa 60 za bechi moja. Bila namba utarudisha za mwezi mzima, au mbaya zaidi hutarudisha hata moja na watu wataendelea kula.

SWALI: Ndaga mwalimu. Huku Rungwe naishi karibu na kiwanda cha chai. Siku nyingine kinanguruma usiku kucha, siku nyingine kimya. Shemeji yangu ni wa humo, anasema ni uzalishaji wa mfululizo, mi nasema ni bechi maana majani yanakuja kwa magari. Tumebishana mpaka chakula kikapoa. Nani mkweli? (Msomaji, Tukuyu)

JIBU: Ndaga fijo. Wote, kila mmoja ameshika upande wake. Majani yakishuka kwenye gari yanatandazwa kwenye vitanda vya kunyaushia yanapulizwa upepo masaa 12 mpaka 18, kila mzigo na saa yake ya kuingia, hapo ni bechi na wewe umeshinda. Yakishanyauka yanaingia kwenye rola zinazokata, kuchana na kukunja, yanapita kugeuka rangi, yanaingia kwenye kikaushio mpaka unyevu unabaki kama asilimia 3, na kuanzia pale kwenye rola mpaka kwenye kikaushio yanatiririka bila kukatika, hapo shemeji ameshinda. Mngurumo wa usiku unatokana na jani lenyewe, likishachumwa linaanza kubadilika na halisubiri asubuhi, kwaiyo msimu wa mvua majani yakiwa mengi kiwanda hakilali, na kiangazi yakipungua hawana cha kusaga wanazima. Tofauti na tanuri la saruji, hapa anayeamua ni shamba.

SWALI: Kaka habari, niko Kyela, nina mashine ya kukoboa mpunga. Kila mteja anakuja na gunia lake moja au mawili na hataki mchele wake uchanganyike na wa mtu, kwaiyo mashine inasimama kila saa. Nafikiria kuacha hao nianze kununua mpunga wangu nikoboe mfululizo niuze mchele kwa wingi. Unaonaje? (Kijana wa mashine, Kyela)

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Usiwaache wateja wa gunia moja moja kwa mkupuo, wale wanakulipa papo hapo na mtaji wa mpunga ni wao. Ukianza kununua wa kwako hela inalala ghalani mpaka mchele uuzwe na hatari ya bei ni yako. Kwenye mashine moja weka biashara mbili kwa saa tofauti, mchana wa wateja, asubuhi sana au jioni wa kwako. Na hao wa mchana wapange, wenye mpunga wa aina moja wafuatane, hapo kabaki kakichanganyika hakuna ugomvi, unaisafisha mashine vizuri pale tu aina inapobadilika.

Kabla ya kununua mpunga wowote angalia pa kuuanikia. Mpunga wa kukoboa unatakiwa unyevu wa asilimia 14 hivi, ukiwa na maji mchele unapondeka, ukikaushwa kupita kiasi juani unapasuka unapata chenga, na kukoboa mfululizo kwa mashine nzuri mpunga uliokaushwa vibaya ni kutengeneza chenga kwa kasi. Uwanja wa zege na turubai vinaweza kuwa ndo kikwazo chako kuliko mashine. Tafuta daftari, kwa wiki mbili andika kila siku saa mashine iliyozunguka na saa iliyosimama, pembeni sababu iliyoisimamisha, mteja hajafika, kusafisha, umeme, au mpunga bado mbichi. Nitumie hizo kurasa nitazijibu hapa hapa toleo lijalo.